Spika ya Bluetooth isiyoingia maji: mwongozo kamili kwa anayeipeleka ziwani

Nionavyo mimi, spika nyingi zinazouzwa kwa sifa ya kutoingia maji hazifi siku zinapotumbukia ziwani. Zinakufa usiku wake nyumbani, mwenyewe anapochomeka chaja wakati tundu bado lina unyevu na chembe za mchanga. Nyingine zinakufa polepole kwa kuachwa juu ya jiwe juani saa saba mchana. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye tundu la chaji na kwenye joto. Mengine tutayapita haraka.

Watu wa Mwanza tuna nafuu moja: Ziwa Victoria ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Vipimo vya kuzuia maji hufanywa kwa maji safi yasiyo na chumvi, na ziwa letu liko karibu na hali hiyo kuliko bahari. Anayeingia na spika baharini kule Tanga ana kazi ya ziada ya kuondoa chumvi inayokula metali za tundu. Adui zetu sisi ni mchanga, tope, sabuni na jua.

Kabla ya kutoa hela

Muuzaji atakwambia, "Kaka, hii ogelea nayo tu, haina shida." Mwitikie vizuri, halafu geuza boksi utafute maandishi yanayoanza na IP. Hicho ni kipimo cha kimataifa, IEC 60529. Tarakimu ya kwanza inahusu vumbi na mwisho wake ni 6. Ya pili inahusu maji. Ukikuta X mahali pa tarakimu, maana yake upande huo haukutajwa kipimo, wala usidhani ni sifa ya ziada.

IPX4 inavumilia maji ya kurukiarukia kutoka pande zote. Hiyo ni spika ya barazani, mvua ikikukuta unaikimbiza ndani bila hofu. IPX5 inavumilia maji yanayorushwa na mpira wa bomba. IPX7 inavumilia kuzamishwa mpaka kina cha mita 1 kwa dakika 30. IP67 ni hiyohiyo ya kuzamishwa, pamoja na kuzuia vumbi kabisa.

Kwa matumizi ya ufukweni mwetu chukua IP67 kama mfuko unaruhusu, maana mchanga utakusumbua mara nyingi kuliko maji. Na kuna kitu hakisemwi dukani: spika iliyopita kipimo cha kuzamishwa si lazima iwe imepita cha maji ya kasi. IPX7 yako inaweza kukaa salama chini ya beseni na bado ikaingia maji ukiielekezea mpira wa pale wanapoosha magari.

Kisha soma wati. Ukikuta spika inayotosha kiganjani imeandikwa 100W, piga hesabu papo hapo. Tuseme betri yake ni mAh 1200 kwa volti 3.7. Zidisha, ugawe kwa 1000: ni kama wati-saa (Wh) 4.4. Kama kweli ingetoa wati 100, betri ingekwisha kabla ya dakika tatu, yaani wimbo mmoja usingeisha. Spika halisi za ukubwa huo hutoa wati 4 au 5 hivi. JBL Go 3, kwa mfano, ni wati 4.2, uzito wake gramu 209, na kampuni inaahidi saa 5 za muziki. Anayekudanganya kwenye wati huenda amekudanganya kwenye IP pia.

Mwisho, fungua kizibo cha mpira kinachofunika tundu la chaji. Kizibo cha kweli kina ukingo ulioinuka unaoingia kwa kubana, na ukikifunga unahisi kimekamata. Kama ni kipande bapa cha mpira kilicholala juu ya tundu, hilo ni pambo. Lakini usiikatae spika kwa sababu tu haina kizibo. Siku hizi zipo nzuri zenye tundu la Taipu C lililo wazi, limezibwa kwa ndani. Hizo maji yakiingia tunduni hayapiti kwenda kwenye mashine, ila yanabaki pale yakisubiri chaja yako.

Siku ya kwanza: nyumbani, usikimbilie ufukweni Luchelele

1. Chaji mpaka taa ibadilike au izime. Chaja ya kawaida ya volti 5 na ampea 1 inatosha kabisa. Kama spika ina tundu la Taipu C lakini haiingizi chaji, badilisha waya kabla hujairudisha dukani. Spika nyingi za bei ndogo hazielewani na waya wenye Taipu C pande zote mbili. Tumia ule wenye kichwa kipana cha USB upande wa chaja.

2. Iunganishe na simu. Washa spika, kisha bonyeza kitufe chenye alama ya Bluetooth mpaka taa ianze kupepesa haraka au usikie mlio. Kwenye simu fungua Mipangilio, ingia Bluetooth, subiri jina lake litokee, ligonge. Ikikuomba namba, jaribu 0000. Kuanzia hapo itaikumbuka simu yako na kujiunga yenyewe kila ukiiwasha.

3. Kama yako ni IPX7 au IP67, jaza beseni maji ya bomba, yasiyo na sabuni. Funga kizibo, zima spika, izamishe kwa mkono dakika moja au mbili. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyonaswa kwenye kitambaa cha mbele. Mapovu yanayotoka mfululizo kutoka sehemu moja ni tundu. Toa haraka, kausha, rudisha kwa muuzaji siku hiyohiyo. Ndiyo maana kabla ya kulipa unakubaliana naye kuhusu kurudisha, na risiti unaitunza.

4. Palepale kwenye beseni, iachie uone kama inaelea. Hili watu wanaliruka, na ndilo linaloamua kama utaiona tena ikidondoka kutoka kwenye mtumbwi. Nyingine zinaelea, nyingi ndogo na nzito zinazama.

Kama yako inazama, fanya wanavyofanya wavuvi na nyavu zao: ifunge boya. Chupa tupu ya maji ya nusu lita, kifuniko kimekazwa, inaweza kubeba karibu nusu kilo majini. Kamba ya katani au ya nailoni yenye urefu wa mkono, upande mmoja kwenye kitanzi cha spika, upande mwingine shingoni mwa chupa. Haipendezi machoni, lakini maji yetu yana tope, na kilichozama hata kwenye kina cha kifuani hukioni.

Jiwe, jua na maji

Hapa ndipo Mwanza inapotofautiana na miongozo iliyoandikwa kwa fukwe za mchanga mweupe. Sisi tunakaa juu ya mawe. Jiwe likipigwa na jua tangu asubuhi, saa nane mchana huwezi kulikanyaga pekupeku. Spika nyeusi iliyolala juu yake inapokea joto la chini na la juu kwa pamoja.

Betri ya lithiamu haipendi joto. Inazeeka mapema, na ikizidi sana inavimba. Lakini kuna madhara ya pili yanayotokea ndani ya sekunde chache. Spika ikipata moto, hewa iliyo ndani yake inapanuka. Ukiitupia ziwani kwenye maji ya nyuzi 25 hivi, hewa ile inajikunja ghafla, na kujikunja huko kunavuta maji kupitia upenyo wowote mdogo kwenye mipira. Spika iliyokuwa salama kwenye beseni inaingia maji ziwani kwa sababu hiyo. Kwa hiyo ikae kivulini, chini yake tandika kanga au taulo, na kama imeshapata moto iache ipoe kwanza kabla ya kuigusisha maji.

Kuruka nayo kutoka juu ya jiwe ni mchezo wa kuacha. Mita 1 ya kipimo ni ya maji yaliyotulia. Kishindo cha kuangukia maji kutoka juu kinasukuma kwa nguvu kubwa kuliko kukaa kimya kwenye kina hicho, na kuikokota nyuma ya boti ni vivyo hivyo.

Sabuni ina habari yake. Inapunguza ule mvuto unaofanya maji yajikusanye kuwa matone, hivyo maji ya sabuni yanapenya mahali ambapo maji matupu yangegoma. Anayefulia ufukweni na muziki pembeni aiweke mbali na povu. Petroli na oili za injini ya boti nazo zinalainisha mpira wa kizibo, kwa hiyo usiiweke sakafuni mwa boti kwenye yale maji yenye rangi rangi.

Na kwa kuwa tumefika majini: spika haipati kichocho, wewe unaweza. Sehemu za kina kifupi zenye majani na konokono, hata kama zina kivuli kizuri cha kuwekea muziki, ziache.

Simu yako ndiyo isiyojua kuogelea

Bluetooth hutumia mawimbi ya GHz 2.4, na maji huyanyonya vibaya sana. Ukizamisha spika, muziki unakatika. Haijaharibika, ni mawimbi yamekosa njia. Ukiitoa itarudi. Kwa spika nyingi hizi hesabu mita 10 pahali pa wazi, na mwili wa mtu, ambao sehemu yake kubwa ni maji, unapunguza hata hizo. Ukiona wimbo unakatakata huku simu iko mfuko wa nyuma na spika iko mbele yako, tatizo ni wewe uliyesimama katikati.

Dawa yake: acha simu nchi kavu, kwenye begi lililofungwa, hatua chache kutoka kwenye spika, na panga orodha ya nyimbo kabla ya kuingia majini. Mikono yenye maji haichezi na simu. Kubadilisha wimbo tumia vitufe vya spika. Kwenye nyingi, kubonyeza mara mbili kitufe cha kuchezea kunaruka wimbo.

Ufukwe ukijaa Jumapili kutakuwa na spika tatu nne zenye jina lilelile kwenye orodha ya simu yako. Kama spika yako ina programu yake, ipe jina lako. Kama haina, iunganishe ukiwa bado nyumbani ili usianze kutafuta pale.

Spika za bei ndogo mara nyingi huja na redio ya FM na nafasi ya memori kadi. Ni vitu vizuri, hasa visiwani ambako bando linapotea bure, ila angalia: redio yake kwa kawaida hutumia waya wa chaji kama antena. Ukitaka kusikiliza Radio Free Africa ufukweni utalazimika kufungua kizibo na kuchomeka waya, na tangu hapo spika yako haina kinga yoyote ya maji. Memori kadi nayo iingize nyumbani, mikono ikiwa mikavu, ufunge kizibo.

Sauti kubwa bila kuiumiza

Nje hakuna kuta, na spika ndogo besi yake inatawanyika nyuma na pembeni. Ndiyo maana ile iliyotikisa chumba Igoma inasikika nyembamba ikifika ufukweni Capri Point. Hapa mawe yanageuka kuwa msaada. Iweke kwenye kona ambapo jiwe linakutana na ardhi, mgongo wake ukielekea jiwe, sentimita chache tu kutoka hapo. Besi iliyokuwa ikipotelea nyuma inarudishwa mbele. Utaisikia tofauti kabla hujagusa kitufe cha sauti. Jiwe liwe la kivulini, nimeshasema.

Usiiweke ukingoni. Besi inaitikisa, inatembea yenyewe taratibu, na wewe unagundua ukisikia chubwi.

Halafu isogeze karibu. Nje, kila umbali ukiongezeka mara mbili sauti hushuka kwa desibeli 6 hivi. Maana yake, kuitoa mita 4 na kuiweka mita 2 kutoka mlipokaa ni sawa na kuwa na spika yenye wati mara nne. Ni bure, na inaokoa betri: zile saa zilizoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa sauti ya wastani, na ukiifungulia mpaka mwisho huenda ukapata nusu yake. Sauti ikianza kukwaruza, ishushe hatua mbili. Kukwaruza ni spika inasema imefika mwisho wake, na kuilazimisha kunachana koni, ule utando unaotetemeka kutoa sauti.

Spika mbili za aina moja zenye uwezo wa kuunganishwa pamoja zinaweza kugawana kushoto na kulia. Ziachanishe mita mbili hivi. Zikiwa za kampuni tofauti, sahau.

Kwenye mtumbwi na kwenye kivuko nina msimamo mkali. Muziki uwe chini kiasi cha kumsikia nahodha bila yeye kupaza sauti. Dhoruba za ziwa hili huja ghafla, na jaketi la kuokolea maisha halivaliwi kwa kuelekezwa kwa ishara. Usiku nako, maji yaliyotulia hayanyonyi sauti, na makelele mengine yameshalala, kwa hiyo wa ng'ambo ya ghuba wanasikiliza chaguo lako wapende wasipende. NEMC, baraza la taifa la mazingira, ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2015, ingawa mara nyingi jirani atakufikia kabla ya ofisa.

Ukirudi nyumbani

Hii ndiyo sehemu ya kuisoma mara mbili.

Kwanza, kizibo kikiwa kimefungwa, suuza spika nzima kwa maji safi ya bomba yanayotiririka taratibu. Usifungue kizibo kabla ya kusuuza: mchanga uliokizunguka utaingia ndani. Mchanga uliobaki kwenye kitambaa utoe kwa mswaki wa zamani, laini.

Kisha itikise uso ukiangalia chini. Sauti ikiwa bado nzito kama ya mtu mwenye mafua, ni maji yaliyokaa mbele ya koni. Cheza wimbo wenye besi kwa sauti ya kati, uso chini, yatasukumwa nje yenyewe. Hakuna cha kuogopa hapo.

Ifute kwa kitambaa kikavu, sasa fungua kizibo. Angalia ndani kwa tochi ya simu. Kama kuna unyevu, futa ukingo wa kizibo na midomo ya tundu, kisha iache wazi kivulini penye upepo usiku kucha. Chaji kesho yake. Umeme ukipita kwenye tundu lenye maji unazila zile metali ndogo, zinageuka kijani au nyeusi, na baada ya hapo chaji inaingia kwa kubembeleza waya. Baadhi ya spika mpya hupiga kelele zikihisi maji tunduni. Ikipiga, chomoa mara moja.

Usiifukie kwenye mchele. Vumbi la mchele linaingia tunduni na kuganda. Usitumie mashine ya kukaushia nywele, wala usiipeleke kwa fundi pancha akaipuliza kwa kompresa: upepo ule unapasua ngozi nyembamba zinazozuia maji kwa ndani. Na kitundu kidogo unachokiona pembeni ni cha maikrofoni au cha hewa, si uchafu wa kuchokonoa kwa pini.

Betri, umeme na safari za visiwani

Huna haja ya kusubiri izime ndipo uchaji. Betri ya lithiamu hukaa vizuri ikichezea kati ya asilimia 20 na 80. Kama unasafiri na kuiacha miezi kadhaa, iache na chaji ya nusu, na uiguse tena mara mojamoja ili isikauke kabisa.

Kwa anayekwenda Ukerewe au Ukara, benki ya umeme (power bank) ya mAh 10,000 ina kama Wh 37. Betri ya spika ya ukubwa wa Go 3 ni chini ya Wh 3. Hata ukitoa kinachopotea njiani, unaichaji mara nane au zaidi. Ukitumia sola, waya ufike kivulini. Usiilaze spika kando ya paneli juani kwa sababu tu waya ni mfupi. Ukipanda ndege, spika na benki ya umeme vikae kwenye begi la mkononi.

Ikigoma

Haionekani kwenye simu: huenda imeshajiunga na simu ya mtu mwingine aliyeizoea, kwa kawaida mdogo wako aliye chumba cha pili. Azime Bluetooth yake, kisha ujaribu.

Inaonekana lakini haijiungi: kwenye simu ichague, uifute kabisa, halafu uiunganishe upya kama siku ya kwanza. Ikishindikana, angalia kwenye karatasi yake namna ya kuirudisha ilivyotoka kiwandani, maana kila moja ina vitufe vyake.

Ukiiunganisha na TV kuangalia mechi na kelele za goli zikachelewa nyuma ya picha, hiyo ni kawaida ya Bluetooth. Tafuta kwenye TV mpangilio wa kulinganisha sauti, au tumia waya kama spika ina tundu la waya.

Imevimba, au kizibo kimeanza kusukumwa na kitu kutoka ndani: ni betri. Usiichaji tena, usiitoboe, usiitupe jalalani ambako watu huchoma taka. Mpelekee fundi anayejua betri za lithiamu.

Kuhusu fundi kwa ujumla, anaweza kukubadilishia betri au tundu vizuri sana. Lakini akishaifungua, gundi na mipira iliyowekwa kiwandani imeachia, na gundi ya dukani hairudishi kipimo kile. Itumie barazani na jikoni. Chini yake andika kwa makapeni MAJI HAPANA, kwa sababu siku utakayompa mtu mwingine yeye ataamini maandishi ya IP yaliyo karibu nayo.